Mashua Nyingine Ziwani

Mahubiri ya Jumapili ya 12 ya Mwaka B (Marko 4:35-41)



Injili ya leo mmeisikia mara nyingi, na wengi wenu mngeweza kuisimulia bila kufungua kitabu. Jioni imeingia, Bwana anawaambia mitume wavuke kwenda ng'ambo, dhoruba inavuma, mashua inajaa maji, naye amelala upande wa nyuma, kichwa chake kikiwa juu ya mto. Wanamwamsha kwa hofu, anaukemea upepo, ziwa linatulia. Tunapoisikiliza habari hii macho yetu huielekea mashua moja tu, ile aliyopanda Yesu. Lakini Mtakatifu Marko ameweka humo neno dogo ambalo Mathayo na Luka wameliacha. Anasema kwamba palikuwa na mashua nyingine zilizofuatana naye. Hatuambiwi zilikuwa ngapi, wala zilikuwa za nani, wala zilipatwa na nini upepo ulipovuma. Tunachojua ni kwamba usiku ule, katika maji yaleyale na giza lilelile, mitume hawakuwa peke yao.

Leo napenda tuzitazame hizo mashua nyingine.

Najua mtu atauliza: padre wa Dodoma ana habari gani na vyombo vya majini? Sisi tunakaa katika nyanda kavu, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Maji makubwa tunayoyafahamu ni bwawa la Mtera, la Hombolo, na mbuga ya Bahi mvua zinapokuwa za kutosha. Wapo watoto katika vigango vyetu ambao hawajaona mtumbwi. Swali hilo ni la haki. Lakini mwenye kujifunza jinsi mabaharia wanavyopishana atagundua kwamba amejifunza pia habari za nyumba yake, na za shamba lake, na za barabara ile inayopita mbele ya kanisa.

Zipo sheria zinazoongoza vyombo vyote baharini. Zilikubaliwa na mataifa mjini London mwaka 1972, zikaanza kutumika tarehe 15 Julai 1977, nazo huitwa Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini. Meli ya mafuta yenye urefu wa viwanja vitatu vya mpira inafungwa nazo, na jahazi la tanga likitoka Tanga kwenda Pemba linafungwa nazo pia. Hazikuandikwa na watakatifu. Ziliandikwa na watu wa kazi, waliokwisha kuhesabu maiti.

Kanuni ya 5 yadai kwamba katika kila chombo, wakati wote, pawe na mtu anayeangalia na kusikiliza. Wakati wote, ndugu zangu. Si wakati wa hatari tu. Bahari ikiwa shwari na mwezi ukiwaka, bado lazima awepo mtu aliye macho. Kisha inafuata Kanuni ya 7, yenye hekima kubwa. Inasema kwamba ukiwa na shaka kama hatari ya kugongana ipo au haipo, basi uhesabu kwamba ipo. Tena baharia asijenge uamuzi wake juu ya habari chache alizoziona nusunusu.

Lakini baharia atajuaje kwamba hatari ipo? Anafundishwa njia moja nyepesi, na naomba mnisikilize vizuri hapa. Ukiiona meli kwa mbali, itazame kwa dira, uone iko upande gani. Ngoja dakika chache, kisha uitazame tena. Ikiwa imesogea, kwenda mbele yako au nyuma yako, mtapishana salama. Lakini ikiwa iko palepale katika dira, haikusogea kulia wala kushoto, na inazidi kuwa kubwa, basi ninyi wawili mnakwenda kukutana mahali pamoja. Mtu asiyefundishwa hudhani kwamba kitu kisichobadilika hakina hatari. Baharia anajua kwamba kile kisichobadili mahali, huku kikikua, ndicho kinachokuja kumgonga.

Wapo kati yenu wenye jambo la namna hiyo nyumbani. Ni deni ambalo kila mwisho wa mwezi liko palepale na limeongezeka. Ni chupa ya mume ambayo mwaka juzi ilikuwa ya Jumamosi, mwaka jana ya Ijumaa na Jumamosi. Ni neno ambalo mke alilinyamazia siku ya arusi ya mdogo wake, naye bado analinyamazia. Tunasema, "Ah, hilo tumelizoea." Ndiyo, tumelizoea, kwa sababu halisogei.

Sasa tuje kwenye kupishana kwenyewe. Meli mbili zenye injini zikija uso kwa uso, kila moja hugeuka kwenda mkono wake wa kulia, zipitane kushoto kwa kushoto. (Ninyi madereva msije mkaijaribu kanuni hii kwenye barabara ya Singida; nchi kavu kwetu ni kinyume.) Zikikutana njia panda, yule anayemwona mwenziwe mkono wake wa kulia ndiye anayepaswa kupisha. Usiku jambo hili linaonekana kwa taa, kwa maana kila meli hubeba taa ya kijani upande wake wa kulia na nyekundu upande wa kushoto. Basi katika njia panda anayepaswa kupisha huiona taa nyekundu ya mwenziwe, na asiyepaswa kupisha huiona ya kijani. Hapana haja ya kuulizana nani mkubwa, nani tajiri, wala bendera ya nchi gani inapepea.

Na anayepisha apishe vipi? Kanuni ya 8 inajibu kwamba apishe mapema, na ageuke kwa kiasi kikubwa, ili mwenziwe aone waziwazi kwamba amepishwa. Inamkataza kugeuka kidogokidogo. Tarehe 25 Julai 1956, karibu na pwani ya Marekani, meli mbili za abiria zilikuwa zikiendeana ndani ya ukungu: Andrea Doria ya Italia na Stockholm ya Sweden. Zote mbili zilikuwa na rada, na kila moja ilikuwa imeiona nyingine katika chombo hicho. Nahodha wa Andrea Doria aliamua kupitia upande wa kushoto, akageuka kwa digrii chache tu, kiasi ambacho Stockholm haikuweza kukitambua. Stockholm nayo ikageuka kwenda kulia. Zilipoonana kwa macho muda ulikuwa umekwisha. Watu 51 walikufa, na meli ile nzuri ya Italia ikazama asubuhi iliyofuata. Hawakukosa vifaa, na hakuna aliyetaka kumgonga mwenziwe. Kila mmoja alikuwa akimpisha mwenzake kwa namna ambayo mwenzake hakuiona.

Ndugu wapendwa, mimi nadhani hapa ndipo Wakristo wengi tunapoangukia. Tunataka kupatana, lakini tunageuka digrii mbili. Mtu aliyemkosea jirani yake hamwendei. Anamtuma mtoto apeleke mboga. Aliyemtukana mke wake hasemi neno la kuomba radhi. Siku hiyo anarudi mapema kidogo, akitumaini kwamba ataeleweka. Mboga ni njema, na kurudi mapema ni vyema, lakini mwenzako gizani anaona taa ileile mahali palepale. Mwana mpotevu wa Injili ya Luka hakutuma salamu. Aliondoka, akatembea, akafika, akasema. Na baba yake naye hakungoja kizingitini, alimwona kwa mbali akapiga mbio. Huko ndiko kugeuka kunakoonekana.

Zaidi ya hayo, mabaharia wana ishara moja ambayo ningependa kila nyumba iwe nayo. Mlio mmoja mfupi wa honi maana yake ni "nageuka kulia". Miwili, "nageuka kushoto". Mitatu, "injini yangu inarudisha nyuma". Lakini nahodha akishindwa kuelewa mwenziwe anakusudia nini, hupiga milio mitano au zaidi, mifupi, ya haraka. Maana yake ni kama kusema, "Sikuelewi, nieleze unafanya nini." Kupiga milio hiyo si kumtukana mwenzako. Sheria imemwagiza apige. Ni mara ngapi ugomvi wa miaka kumi ungekwisha kwa siku moja kama mmoja angethubutu kusema, "Ndugu yangu, sikuelewi"?

Naja sasa kwenye kanuni ya 17, iliyo ngumu kuliko zote, nayo inamhusu yule ambaye hapaswi kupisha. Huyu anaamriwa ashike njia yake na mwendo wake, asiyumbeyumbe, ili anayempisha ajue pa kupita. Lakini kanuni haiishii hapo. Akiona kwamba mwenye kupaswa kupisha hapishi, anaruhusiwa kuchukua hatua mwenyewe. Na wakifika karibu kiasi kwamba yule mwingine peke yake hawezi tena kuzuia ajali, haruhusiwi tu, bali anaamriwa afanye lolote linaloweza kusaidia. Kanuni zimempa mtu wajibu wa kushika njia. Hazikumpa mtu yeyote haki ya kugonga.

Katika kigango kimoja cha mkoa huu waliishi ndugu wawili wa tumbo moja, waliogombea mpaka wa shamba la uwele. Wazee walikaa, wakapima kwa hatua, wakasema wazi kwamba mdogo amevuka mpaka na yampasa arudi nyuma. Mdogo hakurudi. Kaka yake akasema, "Mimi nina haki yangu. Aje yeye." Na ilikuwa kweli kabisa, haki ilikuwa yake, wala hakuna mzee aliyeweza kumpinga. Akakaa na haki hiyo miaka saba. Watoto wao walikutana kisimani wasisalimiane. Mama yao alizeeka akiwa na milango miwili ya kuingia na hawezi kula pa mmoja bila kuulizwa na wa pili. Katekista wao alimwendea yule mkubwa mara nyingi, na mara ya mwisho hakumsomea Maandiko, alimwuliza tu: "Mama akifariki kesho, mtasimama upande gani wa kaburi, wewe na yeye?" Yule mzee alinyamaza. Baada ya mavuno akamtuma mtu akamwite mdogo wake, akamchinjia mbuzi, na mpaka ukabaki kujadiliwa baadaye. Mpaka wenyewe haujaisha kujadiliwa hata leo, lakini mama alizikwa na wana wawili waliosimama upande mmoja.

Wengine watasema kaka alionewa. Mimi siwezi kuwaambia kwamba hakuonewa. Nasema tu kwamba alikuwa ameona umbali uliobaki.

Kisha kuna Kanuni ya 18, na hapa sheria ya mabaharia inakaribia sana Injili, ingawa sidhani kwamba waandishi wake walikusudia hivyo. Inapanga nani ampishe nani, na mpango wake ni kinyume cha mpango wa dunia. Meli ya injini humpisha mwenye tanga. Mwenye tanga humpisha anayevua, ambaye nyavu zake zinamzuia asigeuke. Na wote hao humpisha mwenye chombo kisichoweza kuongozwa tena, ambaye usukani wake umevunjika au mtambo wake umezimika. Chombo hicho usiku huwasha taa mbili nyekundu, moja juu ya nyingine, ili wanaokiona wajue kwamba hakiwezi kujisogeza na wajihadhari nacho. Mwenye uwezo zaidi wa kugeuka ndiye anayegeuka. Wazee wetu walilijua hilo katika vijia vya porini: mwenye mtungi wa maji kichwani hupishwa na asiye na mzigo, hata kama asiye na mzigo ni mzee wa baraza.

Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wafilipi, anasema habari za Kristo aliyekuwa na hali ya Mungu, naye hakuishikilia kama kitu cha kunyang'anyia, akajishusha. Mwenye nguvu zote alitupisha sisi. Basi mimi ni nani nisimpishe mjane anayenijia kwa maneno makali kwa sababu amefiwa juzi? Katika jumuiya ndogondogo zetu wapo watu ambao taa zao mbili nyekundu zinawaka. Yupo kijana aliyerudi kutoka mjini akiwa hana kazi na hana adabu. Yupo mama ambaye tangu azae hajalala vizuri wala hajacheka. Yupo mzee anayesahau majina ya watoto wake na kuwashutumu kwamba wanamwibia. Tukikutana nao tunasema, "Yeye ndiye aliyekosa, yeye ndiye apishe." Hawezi, ndugu yangu. Usukani umevunjika. Ninyi makatekista, mnapogawa kazi za kutembelea nyumba, anzeni na nyumba hizo.

Haitakuwa haki nikizungumza juu ya vyombo vya majini katika nchi hii bila kutaja wafu wetu. Na hapa lazima niseme kwamba wengi wao hawakufa kwa kugongana. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Ilijengwa kuchukua abiria 430, na waliokufa ni zaidi ya 800. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, yenye ruhusa ya abiria wapatao 600, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba na umati mkubwa uliozidi sana hesabu hiyo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichopaswa kubeba watu 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Kila meli ina mstari uliochorwa ubavuni, na maji yakiufunika mstari huo, chombo kimebeba kupita kiasi. Mstari huo hauhitaji elimu kuusoma. Kinachohitajika ni mtu wa kusema "basi", na wa pili wa kumsikiliza.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 27, kinatueleza jinsi Paulo, akiwa mfungwa, alivyowaonya wasisafiri kwa maana majira yalikuwa yamepita. Akida hakumsikia, aliwasikiliza nahodha na mwenye meli. Kwa desturi mwenye meli husikilizwa, maana shehena ni yake. Mwishowe ngano ikatupwa baharini, meli ikavunjika, na watu wote 276 wakaokoka kwa kuogelea na kushika mbao. Wa kwetu wengi hawakupata mbao. Ninyi mnaopanda basi lililojaa hadi mlangoni, na ninyi mnaowapakia watoto wanne juu ya pikipiki moja kwenda shule, mnaujua mstari wenu ulipo. Kondakta anaujua. Askari wa barabarani anaujua pia.

Na sisi wa Dodoma tuna msiba wetu, ambao haukuhitaji bahari. Jumatatu ya tarehe 24 Juni 2002, siku Kanisa linapoadhimisha Kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 ilikuwa ikipanda mlima katika reli ya kati, eneo la Igandu. Ikapata hitilafu, ikasimama, kisha ikaanza kurudi nyuma yenyewe, ikashuka kwa kasi iliyokuwa ikiongezeka, mpaka ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Treni haina usukani. Haiwezi kugeuka kulia wala kushoto, na mtu aliyeketi katika behewa hana la kufanya ila kusali. Kwa sababu hiyo wajibu wote unabaki kwa wale walioikagua kabla haijaondoka, na kwa wale wanaotunza njia. Ninyi mnaofanya kazi ya ukaguzi, iwe ya reli, ya mabasi, ya vivuko au ya mizani, mnapotia sahihi karatasi, wapo watu ambao hawatawaona kamwe, wamelala ndani ya behewa kwa sababu wanaamini sahihi hiyo.

Nirudi kidogo katika ziwa la Galilaya. Bwana alipoamka hakuiambia mashua yake peke yake itulie. Aliuambia upepo, akaliambia ziwa. Ziwa lilipotulia lilitulia kwa wote, hata kwa zile mashua nyingine, ambazo watu wake pengine hawakujua ni nani aliyesema, wala kwamba mtu alikuwa amesema. Walilala salama kwa sababu wenzao katika mashua ya mbele walimwamsha Yesu. Mimi hupenda kufikiri kwamba mmoja wao, alipofika ng'ambo na kuvuta chombo chake mchangani, aliuliza, "Upepo ule ulikoma vipi?"

Mwezi huu, tarehe 24 itakapofika, nawaomba makatekista wa vigango vyote vya kandokando ya reli, kuanzia Gulwe hadi Manyoni, muwakusanye waamini jioni kwa Rozari kwa ajili ya marehemu wa Igandu. Waliozikwa bila majina waombewe kwanza. Mwenye jina la ndugu yake alitaje kwa sauti. Na kama katika kigango chako wapo wawili wasiosalimiana, waombe wao washike mishumaa, mmoja huku na mmoja huku, usiseme neno jingine.

Tumsifu Yesu Kristo.